Mutihani wenye haujue baba yako

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Bunia, Butembo na Lubumbashi,

Tuko wengi wenye kusoma enformatiki. Tunatoka chuo na diplome mukononi, tunapeleka dosie hapa na pale, tunangoja simu, kisha nafasi inachukuliwa na mutoto wa ndugu ya mukubwa fulani. Hayo tunayajua. Leo tunasema juu ya karatasi ingine, sertifika ya kazi, juu wengi wanatuuliza: inasaidia ama ni kutupa pesa?

Inasaidia, na sababu ni moja: mwenye kukusahihisha hakujue. Tuangalie CCNA ya Cisco, yenye watu wa rezo wanatafuta sana. Inakupima kama unaweza kugawa anwani za IP, kupanga ruta na swichi, na kuona mahali rezo imekatikia. Ordinatere njo inahesabu pointi. Haiulize kabila, haiulize chama, haiulize nani alikutuma. Katika inchi yenye kujuana kunapita ujuzi, hiyo si kitu kidogo. Mwenye hana mutu mukubwa nyuma yake anapata ushahidi wenye hata mugeni wa mbali anaweza kuuhakikisha kwa intaneti.

Lakini tuseme ukweli wote. Mutihani wa CCNA ni dolari 300, na ukianguka unalipa tena. Unafanyika kwa Kiingereza, na sisi tulisoma kwa Kifaransa. Sertifika yenyewe inaisha nguvu kisha miaka 3. Ile ya CompTIA A+, ya wenye kutengeneza mashini na kusaidia watumiaji, inaomba mitihani 2, kila moja na bei yake. Kwa kijana mwenye kununua megabaiti kwa kuhesabu, na umeme unamukatikia katikati ya kazi, hizo si pesa za kuchezea.

Kwa hiyo tusianze na kulipa, tuanze na kujua. Programu ya Packet Tracer ni ya bure: unajenga rezo nzima ndani ya mashini moja. Cisco Networking Academy iko na masomo ya kuanzia ya bure. Linux inaingia hata katika ordinatere ya zamani. Tukutane watu 4 ama 5, tugawane koneksio, tujifunze na kile Kiingereza. Siku uko tayari kweli, njo unalipa.

Tena tusidanganywe. Kuna vituo vinachukua dolari zetu kwa mafunzo ya siku chache, vinatoa karatasi yenye muhuri mukubwa. Karatasi hiyo inasema tu kwamba ulikuwako. Kabla ya kulipa, uliza: nani anasahihisha, na mutu mwingine ataihakikisha wapi? Na wenye kununua maswali yaliyoibiwa, kama yale majibu ya Exetat yanatembeaka kwa WhatsApp, wajue: Cisco inaweza kufuta sertifika yako na kukufungia mitihani yake. Hata isipokukamata, siku ruta ya kazini itazimika, majibu ya kukariri hayataiwasha.

Sasa upande wa Leta. Katiba, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mutakatifu, na Leta njo inapaswa kutulinda na ukosefu wa kazi. Tangu Machi 2023 inchi iko na sheria mupya juu ya mambo ya numeriki. Sheria hiyo itafanya nini kama maofisi yanaajiri kwa kujuana? Tunaomba vitu 3. Nafasi zote za enformatiki katika maofisi ya Leta zitangazwe hadharani. Zipitie mutihani wenye kopi hazina majina. Pointi za kila mutu zibandikwe mahali wote wanaona.

Vijana, tujifunze, na yule mwenye anaweza apate sertifika yake. Lakini tusiache Leta ikae kimya. Kama ordinatere inaweza kusahihisha mutoto wa Kadutu bila kumuuliza baba yake ni nani, Leta pia inaweza.