Ofisi mbili, daftari moja: vijana, acheni kutegemea flashi

Unajua vile huwa. Wewe na mwenzako mna biashara ya kuchapisha mabango. Yeye yuko katikati ya jiji la Nairobi, wewe uko Thika. Asubuhi anabadilisha bei kwenye kotesheni ya mteja, anasahau kukutumia. Jioni unampa mteja yuleyule bei ya zamani. Anakuuliza, "Kwani nyinyi hamuongeleshani?" Kazi imeenda hivyo, na urafiki nao unaanza kuyumba.

Tatizo si kukosa pesa za kununua seva. Tatizo ni kuendesha ofisi mbili kwa flashi na WhatsApp, hadi hakuna anayejua faili ya mwisho ni ipi.

Kwa kotesheni, ankara na orodha za bei, Google Drive inatosha. Kila akaunti hupewa GB 15 bila malipo, ingawa nafasi hiyo inatumiwa pia na barua pepe na picha zako. Mnafungua jedwali moja, mnaandika pamoja, maneno kwisha.

Faili nzito za mabango zitajaza nafasi hiyo upesi. Hapo jaribu Syncthing, programu ya bure inayounganisha kompyuta zenu moja kwa moja. Ukigusa faili kubwa, hutuma sehemu zilizobadilika tu, kwa hivyo bando linapumua. Faili husafiri zikiwa zimefungwa, mtu wa njiani hawezi kuzisoma. Lakini kompyuta zote mbili lazima ziwe zimewaka kwa wakati mmoja. Stima ikipotea Thika, Nairobi itangoja.

Sasa sikiza vizuri, maana hapa ndipo wengi huchomeka. Kulinganisha faili si kuweka akiba. Mwenzako akifuta folda ya mteja kimakosa, kwako pia itafutika. Nunueni diski ya nje, mnakili kila kitu Ijumaa, kisha muichomoe na kuiweka mbali na kompyuta.

Pia kubalianeni nani anabadilisha nini. Mkihariri faili moja kwa wakati mmoja, Syncthing haitawaamulia nani yuko sahihi. Itawaachia nakala mbili, moja ikiwa na maneno "sync-conflict" kwenye jina lake. Programu haiwezi kuchukua nafasi ya kuongea.

Na kama mnaweka nambari za simu na vitambulisho vya wateja, kumbukeni kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Flashi ikidondoka kwenye matatu, hasara si yako peke yako.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiwa na madaftari mawili yasiyopatana, ni kama huna hata moja. Anza wiki hii na folda moja tu, ile ya bei. Ikikaa sawa kwa mwezi mmoja, ongeza nyingine.