Mla Yai Naye Ana Neno

Kila mara wananchi wa jimbo fulani la Marekani wanapoitwa kupiga kura kuhusu nafasi anayostahili mfugo, hoja ya kwanza kutolewa ni ileile: mtu wa mjini anajua nini kuhusu kuku? Yai hulikuta kwenye trei, nyama huikuta kwenye friji ya duka. Mambo ya zizini waachiwe wenye mazizi. Hoja hii ina wapenzi wengi hata Afrika Mashariki, maana inasikika kama heshima kwa mfugaji. Lakini ni hoja mbovu, na kura zenyewe zimeshaonyesha ubovu wake.

Chukua California. Tarehe 4 Novemba 2008, siku ileile Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais, wapiga kura wa jimbo hilo waliletewa pia Pendekezo la 2. Halikuomba makubwa. Lilitaka kuku wa mayai, ndama wa nyama na nguruwe jike mwenye mimba waweze kusimama, kulala, kunyoosha viungo na kugeuka. Basi. Aliyelipinga ilimbidi asimame hadharani aeleze kwa nini mnyama asigeuke, na wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Zaidi ya asilimia 63 walipiga kura ya ndiyo.

Hata msomaji asiyegusa nyama ya nguruwe atazame kidogo kilichokuwa kinabishaniwa. Kizimba cha kawaida cha nguruwe mwenye mimba ni fremu ya vyuma yenye upana wa sentimita kama 60 na urefu wa mita mbili na kitu. Ndani yake huwekwa mnyama anayeweza kupita kilo 200. Husogea hatua moja mbele, hatua moja nyuma, hulala na kuinuka kwa kujikunyata, lakini kugeuka hawezi. Mimba ya nguruwe ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Kwenye mashamba mengi ya mtindo huo sehemu kubwa ya siku hizo nguruwe huipitisha humo, kisha huhamishiwa kizimba kingine cha kuzalia, kisha mimba nyingine, na mzunguko unaanza upya.

Wenye mashamba hayo hujibu kwamba nguruwe wakiachwa pamoja hupigana. Ni kweli hupigana. Lakini Uingereza ilipiga marufuku vizimba hivyo mwaka 1999, na tangu 2013 Umoja wa Ulaya unaviruhusu kwa wiki nne tu za mwanzo wa mimba. Wafugaji wa huko walijifunza kuwapa nguruwe nafasi, majani ya kuchakura na mpangilio wa kula usiowagombanisha. Utaalamu wa kufuga ulikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni amri ya kuutumia.

Kwa kuku husemwa jambo jingine, tena kwa kujiamini sana: kuku anataga, kwa hiyo hana shida. Yeyote aliyekulia nyumba yenye kuku wa kienyeji anajua kuku anayetaka kutaga anavyohangaika. Huzunguka, hulia, huchungulia pembe za nyumba, hatimaye huingia mvunguni mwa kitanda au nyuma ya gunia, mahali penye giza asipoonekana. Yai likishatoka hutoka nje, huchakura, huoga vumbi. Kuku wa kisasa ni kuku yuleyule, na hamu hizo bado anazo. Anataga kwa sababu amezalishwa kizazi baada ya kizazi atage, analishwa chakula cha kutagia na kuwashiwa taa ili siku iwe ndefu. Kwenye kizimba cha Marekani cha miaka hiyo alipewa nafasi ya inchi za mraba 67, ambayo haifikii eneo la karatasi moja ya kuandikia. Mayai yake yanathibitisha kazi ya wazalishaji wa mbegu. Hali yake mwenyewe hayasemi chochote.

Wataalamu nao walizungumza. Mwaka huo wa 2008 wachumi wa Chuo Kikuu cha California cha Davis walitabiri kwamba ufugaji wa kuku wa mayai ungeweza karibu kutoweka California ndani ya miaka sita, kwa kuwa mayai ya bei nafuu yangeingia kutoka majimbo yenye vizimba. Tundu waliloliona lilikuwa la kweli, na mwaka 2010 wabunge wa jimbo wakaliziba: kila yai zima linalouzwa California, litoke popote, lilipaswa kutimiza masharti yaleyale. Sheria zote mbili zilianza kazi Januari 2015. Idadi ya kuku jimboni ilipungua na bei ikapanda. Kulificha hilo ni kumdanganya msomaji. Lakini ufugaji haukutoweka. Miaka kumi baada ya kura ya kwanza, mwaka 2018, wananchi waliokuwa wamekwisha kuionja bei mpya waliletewa Pendekezo la 12, lililo kali zaidi: futi za mraba 24 kwa kila nguruwe wa kuzaa, na kuku wa mayai watoke vizimbani kabisa. Zaidi ya asilimia 62 wakasema ndiyo tena.

Mwaka 2025 lawama zilirudi. Dazeni ya mayai Marekani ilifika wastani wa zaidi ya dola 6 mwezi Machi, na wapo waliozinyooshea kidole sheria za vizimba. Nevada ilisimamisha yake kwa siku 120. Ila mafua ya ndege yalikuwa yamesababisha mamilioni ya kuku kuuawa, wa vizimbani na wasio wa vizimbani, na bei ilipaa hata kwenye majimbo yasiyo na sheria yoyote ya aina hiyo. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka sana, na Pendekezo la 12 lilikuwa palepale.

Je, mpiga kura hukubali chochote kinacholetwa na picha ya mnyama mwenye huzuni? Waswisi waliipitisha sheria yao ya ulinzi wa wanyama Desemba 1978 kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura, na kufikia 1992 vizimba vya kuku vilikuwa vimeondoka nchini mwao. Watu haohao, Septemba 2022, walikataa kwa takriban asilimia 63 pendekezo la kupiga marufuku ufugaji wa viwandani, kwa kuona limevuka mpaka. Huko huko California, wapiga kura wa wilaya ya Sonoma waliangusha vibaya mwaka 2024 pendekezo la kufunga mashamba makubwa ya mifugo. Hawa ni watu wanaopima. Na wakikosea vipimo, sheria hurekebishwa: Massachusetts ilipitisha sheria yake ya vizimba mwaka 2016 kwa zaidi ya asilimia 77, na mwaka 2021 wabunge walipunguza nafasi ya kila kuku kwenye mabanda ya ngazi, wenye mashamba na watetezi wa wanyama wakiwa wamekubaliana.

Vizimba vya kuku sasa vinanadiwa Kenya na Tanzania kama ishara ya maendeleo, wakati mnunuzi sokoni bado anaongeza pesa ili apate kuku wa kienyeji. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Wanunuzi wana haki ya kuuliza inasema nini kuhusu banda wanakotoka mayai yao, tena waulize sasa, kabla mikopo ya vizimba haijawafunga wafugaji wadogo.

Wakubwa wa biashara ya nguruwe Marekani walikwenda hadi Mahakama ya Juu kupinga Pendekezo la 12. Mei 2023, kwa majaji watano dhidi ya wanne, walishindwa, na Jaji Neil Gorsuch aliandika kwamba Katiba haigusi mahali popote suala la aina ya nyama ya nguruwe inayouzwa California. Sasa wanahangaika Washington kutafuta sheria ya taifa itakayozifuta za majimbo, na Julai 2025 serikali kuu iliishtaki California kwa ajili ya mayai. Kama wanaamini kweli kwamba wananchi walidanganywa, njia ya haki ipo wazi: warudi kwa wapiga kura wa California, waliokwisha kujibu mara mbili, wawaulize mara ya tatu.