Chomeka Ufunguo Upi?

Hoja yenyewe mmeisikia hapa Ndanai, kwenye steji na kwa waosha magari: kwamba fundi wa funguo anatukamua tu, na kwamba mwenye gari akiwa na simu na dakika tano anaiprogramu rimoti yake nyumbani. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli. Naanza nayo, maana ndiyo inayobeba uongo mwingine mgongoni.

Wanasema inawezekana bila mashine. Ndiyo. Katika Nissan nyingi za zamani unafunga milango yote, unachomeka ufunguo na kuuchomoa mara sita au zaidi ndani ya sekunde 10, taa za hazadi zinawaka mara mbili, unageuza swichi hadi ACC na kubonyeza rimoti mpya. Hapo watetezi hupiga makofi. Lakini waulizeni kilichosajiliwa ni nini. Ni vitufe vya milango, basi. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna kitu cha pili, chipu isiyotumia betri, ambayo antena iliyozunguka swichi huidai namba yake kila unapowasha. Jibu lisipolingana, imobilaiza inaizuia injini. Rimoti mpya itakufungulia mlango, ukae kitini, na usiende popote. Yapo magari yanayokubali chipu mpya bila mashine: baadhi ya GM za Marekani husubirishwa kama nusu saa swichi ikiwa ON, na Ford kadhaa hupokea ufunguo wa tatu ukiwa na mbili zinazofanya kazi. Hesabuni basi ni ngapi za namna hiyo zimeegeshwa hapa sokoni.

Watajibu kwa Probox: fulani alichonga ufunguo mtupu na gari likawaka, kwa hiyo chipu ni hadithi. Ushahidi ni wa kweli, ila ni wa kesi nyingine. Probox nyingi za zamani zilitoka kiwandani Japani bila imobilaiza. Uingereza, kwa upande wake, ililazimisha kifaa hicho kwa magari mapya tangu Oktoba 1998. Gari lisilo na mlinzi halithibitishi kwamba walinzi hawapo.

Dai la tatu ndilo linalonichekesha: hata ukipoteza funguo zote, fuata hatua zile zile. Someni hatua ya kwanza. Chomeka ufunguo. Upi?

Tena watu hao hao wanaapa kwamba mfumo ni rahisi hadi mtoto anauweza, na papo hapo kwamba ni salama, hakuna mwizi atakayeuweza. Wachague moja. Kama kugeuza swichi mara kadhaa kungetosha kusajili chipu, kijana anayeosha gari lako, uliyemwachia ufunguo ili alisogeze, angeondoka na wake. Watengenezaji waliliona hilo, na ndiyo sababu magari mengi hudai mashine iliyochomekwa kwenye soketi ya OBD chini ya usukani.

Kuhusu rimoti iliyoagizwa mtandaoni kwa sababu “inafanana kabisa”: umbo si masafa. Gari lililotengenezewa soko la Japani husikiliza kati ya megahezi 312 na 315. La Uingereza, 433.92. Usukani uko kulia kote kuwili, modeli ni moja, na bado hayasikilizani. Rimoti kuukuu za Toyota zisizochomekwa nazo kwa kawaida hujifunga kwa gari la kwanza.

Eti betri ya rimoti ikifa ufunguo husahau? Hausahau, namba hukaa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Toyota ya kitufe huwaka ukikanyaga breki na kugusisha rimoti iliyokufa kwenye kitufe chenyewe. Nunua betri, mara nyingi CR2032, umalize.

Mwisho, “kuongeza rimoti hakudhuru zilizopo.” Katika Honda nyingi za zamani, kuanza usajili hufuta rimoti zote ambazo hukuzisajili upya katika kikao hicho hicho. Video za mtandaoni huonyesha rimoti moja tu, kwa hiyo hasara haionekani.

Kwamba fundi anayetoka Sotik au Kisii hutoza ghali, huenda. Bishaneni naye bei. Ila kabla ya kumlipa, mwambieni asome kwenye mashine yake gari linatambua funguo ngapi. Mashine nyingi huonyesha. Ikisema tatu na ninyi mna mbili, afute ule wa tatu mkiwa mmesimama pale.