Ukame si muuaji wa pekee wa wanyamapori

TAKWIMU zilizotolewa na Wizara ya Utalii na Wanyamapori mnamo Novemba 2022 zilitia hofu. Kati ya Februari na Oktoba mwaka huo, ukame uliua nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381 na ndovu 205. Amboseli ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi.

Lawama zote zilielekezwa kwa mbingu. Hata hivyo, kazi ya watafiti nyanjani yaonyesha kwamba kukosekana kwa mvua ni sehemu tu ya tatizo.

Wanyama wa Amboseli wamechunguzwa kwa zaidi ya nusu karne. David Western alianza kufuatilia malisho, mifugo na wanyamapori huko mwaka wa 1967. Mnamo 1972, Cynthia Moss na Harvey Croze walianzisha utafiti wa ndovu, ambapo kila mnyama hutambuliwa kwa sura yake, hasa umbo la masikio.

Subira hiyo imezaa funzo moja kuu: wanyama hukabiliana na mabadiliko ya hali ya anga kwa kuhama. Mvua inyeshapo, hutawanyika katika ardhi za jamii zinazoizunguka mbuga. Kiangazi kikiingia, hurejea kwenye vinamasi vinavyopata maji ya chini ya ardhi kutoka Mlima Kilimanjaro. Mbuga yenyewe ina kilomita mraba 392 pekee, na haiwezi kuwalisha mwaka mzima. Nyasi zilizo nje ndizo akiba yao.

Akiba hiyo inazidi kupungua. Ranchi za jamii zimegawanywa vipande, na nyua na mashamba yanaziba mapito ya kale. Mnamo 2021, mzozo kuhusu shamba la maparachichi karibu na Kimana ulifika mbele ya jopo la kitaifa la mazingira. Si ajabu basi kwamba utafiti ulioongozwa na Joseph Ogutu na kuchapishwa mwaka wa 2016 ulipata kuwa wanyamapori nchini walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977.

Haifai kumtwika mfugaji lawama. Ndiye anayeharibiwa mimea na ndovu na kuuliwa ng'ombe na simba, huku faida ya utalii ikiishia kwa wengine. Akilipwa kodi ya haki ili aiache ardhi yake wazi, atakuwa na sababu ya kutoiuza wala kuizungushia ua.

Serikali nayo isichoke kuhesabu. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori ilifanywa mwaka wa 2021, na ilikuwa hatua njema. Lakini hesabu ya mara moja haielezi mwelekeo; hilo hubainishwa na kumbukumbu za miaka mingi.

Kupeleka maji kwa malori wakati wa ukame ni huruma, si tiba. Mvua itarudi, lakini pito likishajengwa halifunguki tena.