Nyumba na Kihamba

Mwezi huu twanena juu ya mahali pa kujenga, maana asiye na kiwanja hana mji.

Tangu zamani, huku Uchagani, baba alimpa kifungua mimba kihamba chake, na kitinda mimba akarithi nyumba ya baba. Wana wa kati walikwenda kufyeka pori. Desturi hiyo ilifaa maadamu pori lilikuwapo. Lakini huko juu msitu ulihifadhiwa na serikali, na huko chini nchi ilikatwa mashamba ya walowezi tangu wakati wa Wadachi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari walirudi wakitaka kuoa na kujenga, wasione pa kusimamisha nguzo. Mwaka 1946 serikali ilimweka Jaji Mark Wilson kuchunguza habari za ardhi ya Arusha na Moshi; naye mwaka 1947 alishauri baadhi ya mashamba yarudishwe kwa wenyeji. Hata hivyo watu walizidi kuongezeka, na wengi wakashuka tambarare au mjini Moshi kupanga vyumba.

Shida hiyo haijakoma. Kihamba hugawanywa tena na tena, hata migomba yakosa nafasi. Basi, akina baba, msingoje mauti, wana wakagombana kando ya kaburi. Waiteni wote mngali hai, pandeni masale mipakani mbele ya wazee, mkaseme wazi nani apata ardhi, na nani apata elimu au ufundi badala yake. Wala binti msimsahau: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.