Giaboksi ya Otomatiki: Nyumbani au kwa Fundi?

Wapo wanaosema kwamba oili ya giaboksi ya otomatiki haibadilishwi maisha. Usiwasikilize. Oili hiyo huchoka kwa joto, na foleni za Dar es Salaam zinalo joto la kutosha. Giaboksi ikifa, kwa wengi wetu mshahara wa mwezi haununui nyingine.

Chungulia kwanza kama giaboksi ina kijiti chake cha kupimia oili. Kikiwapo, kazi hii waiweza. Gari liegemee vigoda imara vya chuma. Usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Fungua bolti ya chini, kinga oili, uipime: kiasi kilichotoka ndicho utakachorudisha. Mara nyingi hakifiki hata nusu, kwani nyingine hubaki ndani ya tokikonveta. Kisha pima tena injini ikinguruma na giaboksi imepata moto. Aina ya oili ni ile iliyotajwa katika kitabu cha gari. Toyota inayotaka T-IV haipewi WS eti kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Hapo hata mafundi hukosea.

Gari lisilo na kijiti kwa kawaida hupimwa kwa tundu maalumu, oili ikiwa katika nyuzi za joto zilizowekwa. Hilo mpe fundi mwenye vipimo, nawe usimame karibu uone kopo likifunguliwa.

Na kama oili inanuka kuungua na gia zinateleza, weka spana chini. Fundi aichunguze giaboksi kabla hujanunua hata lita moja.