SHA: mtambo umebadilishwa, watu je?

Tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF iliyokuwapo tangu 1966 ilifunga kazi na SHA ikashika usukani. Abiria walihamishwa chombo katikati ya mkondo. Wagonjwa wa kusafishwa figo na wa saratani walikwama hospitalini kwa kuwa mtambo haufunguki, na waliolipia NHIF miaka nenda miaka rudi wakatakiwa wajisajili upya.

Mimi sipingi mfumo wa kidijitali. Madai hewa ya zama za NHIF yalitutafuna vya kutosha. Ninachouliza ni nani aliyetayarishwa kwa mageuzi haya. Katika zahanati moja huku kwetu nimemwona karani akijifunza mfumo huku foleni ikimtazama, simu yake mwenyewe ikiwa ndiyo intaneti ya zahanati. Akikosea anatukanwa yeye, wala si walioko Nairobi.

Tazama lile suala la namba ya siri inayotumwa kwa simu ili mgonjwa athibitishwe. Bibi zetu wengi waliandikishwa kwa simu ya mjukuu. Mjukuu yuko Saudia kazini, au yuko baharini kusikoshika mtandao, na bibi yuko dirishani na homa. Baadaye tukaambiwa dawa ni alama za vidole. Vyema, lakini mvuvi aliyevuta kamba miaka thelathini na mama msuka makuti vidole vyao vimelika. Mashine huvisoma kwa taabu. Angeulizwa karani yeyote wa Kwale au Lamu kabla ya kununua mashine, angelisema hilo asubuhi moja.

Na malipo pia. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara na habari ikaisha. Asiyeajiriwa hupimwa kipato kwa maswali ya nyumba yake, choo chake na mifugo yake, kisha hutakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600, chini ya zile 6,000 za NHIF kwa mwaka. Kwa hesabu ni nafuu. Lakini kusi likivuma, Mei hadi Agosti, vyombo vidogo vingi viko juu ya mchanga, na 3,600 za pamoja hazipo. Mpango wa kukopeshwa ada umekuja nyuma ya matatizo, na mkopo ni deni.

Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja nchini walipewa simu za kazi, nao huingia nyumba kwa nyumba. Hao ndio wanaojua simu ya bibi ni ya nani. Magavana wa kaunti zetu sita watwambie: wangapi kati ya wahudumu hao wamefunzwa kurekebisha namba ya simu iliyoandikwa vibaya, na posho zao za mwezi zimelipwa hadi lini?